KITI KITUPU, KATAPILA LINACHIMBA: HISTORIA YA WATU AMBAO HAKUNA ANAYEWATAJA

Umeshaziona zile video. Katapila linachimba, linageuka, linamwaga udongo kwenye tipa, halafu kamera inasogea hadi kwenye kibanda cha dereva na hakuna mtu. Kiti kitupu! Video inahamia ofisini. Dada mmoja kakaa kwenye kiti cha kuzunguka, mbele yake skrini kibao, chai iko pembeni, mikono ipo kwenye leva. Chini ya video watu wanashangilia kwamba maisha ndiyo haya, kucheza gemu mpaka unalipwa mshahara.

Ngoja kwanza. Hiyo kazi haikuanzia ofisini, na haikubuniwa ili mtu anywe chai. Ukiifuatilia historia yake nyuma, unakuta sehemu ambazo mtu hakuweza kukaa akabaki hai, na mara nyingi watu walikuwa wameshakufa kabla ya mwenye akili kusema "jamani, tutoe mtu kwenye hicho kiti."

Kingine, waliofanya kazi yenyewe karibu wote hawana majina. Mawaziri wanajulikana, majenerali wanajulikana, mainjinia wakubwa wana picha ukutani. Aliyeshika leva? Hakuna anayemtaja. Stori ya leo ni yake.

TINGATINGA LINAINGIA MTONI

Japani ni nchi ya milima mikali na mito mifupi. Mvua ikipiga sana kule juu, maji yanashuka yamebeba mawe na matope, yakifika chini yanaondoka na chochote. Mwaka 1969 mafuriko yaliharibu eneo la mto Joganji, mkoa wa Toyama. Kazi ya kurekebisha ilitaka mashine iingie ndani ya maji kabisa. Sasa opereta atakaa wapi wakati maji yanafika kifuani?

Wakaleta tingatinga la kufanyia kazi ndani ya maji, likaendeshwa kwa rimoti na mtu aliyekuwa nchi kavu. Wajapani huihesabu kazi hiyo kuwa mwanzo wa ujenzi bila mtu ndani ya mashine nchini kwao.

Huyo opereta hakuwa na skrini wala kamera. Alikuwa karibu, analiona tingatinga kwa macho yake. Kwenda mbali zaidi kulihitaji kitu kingine: kuona bila kuwepo.

WATU WATANO NA GARI LA MWEZINI

Tarehe 17 Novemba 1970, Wasovieti walitua mwezini na gari linaloitwa Lunokhod 1. Magurudumu manane, uzito wa kilo 756, ndani hakuna mtu. Waliokuwa wanaliendesha walikaa Crimea, duniani huku, umbali wa kilomita kama 384,000.

Walikuwa watu watano kwa zamu: kamanda, dereva, mwongoza njia, injinia na wa kulenga antena. Walitoka jeshini na majina yao hayakutangazwa wakati ule. Vuta picha: unaendesha gari mwezini, ukirudi nyumbani huruhusiwi kumwambia jirani ulikotoka.

Na kazi ilikuwa ngumu. Ishara ya redio inachukua zaidi ya sekunde moja kufika mwezini na zaidi ya sekunde moja kurudi. Halafu dereva hakuwa anaona video. Alikuwa anapata picha moja, anasubiri, anapata nyingine. Akiona shimo mbele, picha hiyo imeshapitwa na wakati. Akisema simama, gari limeshasogea.

Pamoja na hayo, Lunokhod 1 ilitembea kilomita 10 na ushee ndani ya miezi kama 10. Mwenzake, Lunokhod 2, mwaka 1973 ilipiga kilomita 39, na hakuna gari lolote nje ya dunia lililoivuka rekodi hiyo mpaka mwaka 2014.

Lunokhod haikuwa katapila, ni kweli. Lakini taasisi ya Leningrad iliyounda chasi na magurudumu yake ilikuja kupigiwa simu miaka 16 baadaye, na safari hii kazi ilikuwa kuzoa kifusi.

CHERNOBYL: MASHINE ZILIPOSHINDWA

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha umeme wa nyuklia pale Chernobyl kililipuka. Wazimamoto walifika fasta na kupanda juu bila kujua wanakanyaga nini. Ndani ya miezi michache, watu 28 kati ya wazimamoto na wafanyakazi wa kituo walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa mionzi.

Mlipuko ulirusha vipande vya grafaiti na mafuta ya nyuklia mpaka kwenye paa la kinu cha jirani, namba 3. Ilibidi vizolewe na kurudishwa kwenye shimo la namba 4 kabla ya kulifunika jengo lote kwa zege na chuma. Kazi yenyewe ni ile ile ya saiti yoyote: sukuma, zoa, mwaga. Tofauti ni kwamba juu ya paa lile, dakika chache tu zilitosha kumharibia mtu maisha.

Taasisi ya Lunokhod ikaunda roboti za kusukuma kifusi, STR-1, zikapelekwa paani. Zilifanya kazi, kuna maeneo zilisafisha. Lakini hazikuweza kumaliza. Roboti nyingine iliyonunuliwa Ujerumani Magharibi ilipandishwa juu, ikafa. Mionzi inaua hata mitambo ya elektroniki, na paa lenyewe lilikuwa limejaa vipande vya kunasa magurudumu.

Basi ikaamuliwa wapande watu. Zaidi ya 3,000, wengi wao askari wa akiba, watu wenye kazi zao za kawaida nyumbani. Walijifunga vipande vya madini ya risasi kifuani na mgongoni, wakapewa mabeleshi. King'ora kinalia, unakimbia, unazoa beleshi moja au mawili, unamwaga, king'ora kinalia tena, unarudi. Wengine walikaa juu kwa sekunde 40 tu. Wengine dakika mbili, tatu. Kisha anapanda mwingine.

Wenzao waliwabatiza jina: roboti za kibaiolojia. Mashine imeshindwa, mtu ndiye akawa mashine. Ukitaka kujua kwa nini rimoti ilipaswa kuwa bora zaidi, anza na jina hilo.

UNZEN: MLIMA ULIOLAZIMISHA

Sehemu kubwa ya teknolojia unayoiona kwenye zile video ilikomazwa kwenye mlima mmoja kusini mwa Japani. Unaitwa Unzen, uko mkoa wa Nagasaki, na chini yake kuna mji wa Shimabara.

Mlima huo ulikuwa umetulia kwa karibu miaka 200. Mara ya mwisho, mwaka 1792, upande wa mlima jirani uliporomoka ukaingia baharini, mawimbi yakaua watu wapatao 15,000. Tarehe 17 Novemba 1990, miaka 20 kamili tangu Lunokhod itue mwezini, ukaamka tena.

Mwaka 1991 lava nzito ilianza kujijenga juu kileleni kama kichuguu. Kila kichuguu kilipozidi kukua, kipande kilikatika na kushuka kikiwa wingu la gesi ya moto, majivu na mawe, kwa kasi ambayo gari la barabara kuu haliioni ndani. Wanahabari walikuja kutoka kila kona, wakapata sehemu nzuri ya kuchukulia picha ndani ya eneo ambalo watu walikuwa wameshaambiwa waondoke.

Tarehe 3 Juni 1991, mchana, lilishuka wingu kubwa kuliko yaliyotangulia. Watu 43 walikufa. Walikuwemo wanahabari, wanasayansi watatu wa volkano kutoka nje ya nchi, polisi, wazimamoto wa kujitolea, wakazi, na madereva wa taksi ambao kosa lao lilikuwa kukodiwa na waandishi. Majina ya wale wanasayansi utayapata kwenye filamu na vitabu. Ya madereva wa taksi, utafute sana.

Mlima haukuishia hapo. Septemba mwaka huo huo, wingu jingine liliunguza shule ya msingi. Bahati nzuri watoto walikuwa wameshahamishwa. Na kila mvua iliponyesha, majivu yaligeuka tope zito likashuka na mto Mizunashi kuelekea mjini, likifukia nyumba mpaka kwenye paa. Jina la mto huo maana yake ni "usio na maji". Kwa kawaida ni mkavu. Sasa ulikuwa unashusha mawe ya ukubwa wa gari.

Dawa ilijulikana: chimba mabwawa ya kunasa tope, jenga kuta za zege za kuvunja nguvu yake. Lakini mabwawa hayo yalitakiwa kuchimbwa pale pale ambapo watu walikufa, na mlima bado unafoka. Nani atapanda kwenye katapila?

Hapo Wizara ya Ujenzi ya Japani ilifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwaka 1993 ilitangaza kwa makampuni: leteni mbinu ya kufanya kazi hii bila mtu ndani. Masharti yalikuwa makali. Mashine iweze kuvunja na kuondoa mawe ya kipenyo cha mita mbili hadi tatu. Ivumilie joto mpaka nyuzi 100 na unyevunyevu wa asilimia 100. Na iendeshwe kutoka umbali wa zaidi ya mita 100.

Mwaka 1994 majaribio yakaanza. Ekskaveta, matingatinga na matipa yakaingia eneo lililokatazwa, vibanda vikiwa tupu. Maopereta walikaa nje ya eneo la hatari, kwenye vyumba vidogo vyenye skrini. Kwa kuwa kamera ya juu ya mashine haitoshi, magari mengine yenye kamera yaliegeshwa pembeni kuonyesha mashine ile ile kwa ubavu. Amri zilikwenda kwa redio.

Walipozoea kuchimba, wakaenda mbele zaidi: wakajenga. Kuta za zege zilimwagwa kwa rimoti. Tipa linaleta zege kavu, tingatinga linasambaza, shindilia linapita juu yake, na hakuna mguu wa binadamu uliokanyaga pale. Volkano ilitulia mwaka 1995, lakini kichuguu cha lava bado kipo kule juu na kinaweza kuporomoka, kwa hiyo kazi ya rimoti iliendelea miaka na miaka.

Mwaka 2000 mlima Usu, kisiwa cha Hokkaido, ulipolipuka, Wajapani hawakuanza upya. Walibeba mbinu ya Unzen, wakaongeza magari ya kupokezana mawimbi ya redio ili opereta akae mbali zaidi ya kilomita moja.

MAKALIO YANAJUA

Hapa ndipo wanaosema "hata mimi naweza" wanapokosea.

Muulize opereta yeyote mzoefu, iwe Dodoma au Mombasa. Atakwambia katapila linaendeshwa kwa makalio. Kiti kikiinama kidogo, anajua upande mmoja unatitia. Injini ikibadilisha mlio, anajua ndoo imegonga mwamba. Mtetemo kwenye leva unamwambia kama ni udongo mlaini au jiwe limejificha. Macho yanakuja baadaye.

Ukimhamishia kwenye skrini, unamnyang'anya vyote hivyo. Skrini ni bapa, haionyeshi kina vizuri. Ndoo inaonekana imefika chini, kumbe bado nusu mita. Mteremko unaonekana tambarare. Juu ya hapo kuna ule ugonjwa wa Lunokhod, picha kuchelewa. Hata ukiwa nusu sekunde tu, kwenye mashine ya tani 20 inatosha kuharibu mambo. Ndiyo maana kazi ya rimoti huenda taratibu kuliko ya mtu aliyekaa kitini, na ndiyo maana baadaye zikaongezwa sauti ya injini, viti vinavyotikisika na GPS ya kuonyesha ndoo iko wapi hasa.

Halafu rimoti yenyewe inaweza kuua. Marekani, kwenye migodi ya makaa ya mawe, mashine za kukata makaa ziliwekewa rimoti ya kuning'iniza kifuani. Lengo lilikuwa zuri: opereta asikae chini ya paa la mwamba ambalo halijafungwa. Lakini akishatoka kitini, yuko wapi? Anasimama pembeni ya mashine, kwenye njia nyembamba, gizani. Tangu mwaka 1984 zaidi ya wachimbaji 30 walikufa kwa kubanwa au kugongwa na mashine za aina hiyo, na wapo waliobanwa na mashine walizokuwa wanaziendesha wenyewe. Ilifika mwaka 2015 ndipo serikali ikalazimisha mashine hizo ziwe na kifaa cha kuhisi mtu na kujizima.

Kwa hiyo kumtoa mtu kitini hakutoshi. Lazima ujue unampeleka wapi.

FUKUSHIMA

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na tsunami viliipiga Japani, na mitambo ya nyuklia ya Fukushima ikaharibika. Majengo matatu yalilipuka kwa gesi ya haidrojeni. Uwanja mzima ukajaa kifusi chenye mionzi. Chernobyl nyingine?

Safari hii mabeleshi hayakuwa jibu pekee. Ndani ya mwezi mmoja, ekskaveta na matipa ya rimoti yalikuwa uwanjani yakizoa kifusi na kukiweka kwenye makontena, maopereta wakiwa mbali. Uzoefu wa miaka 17 ya Unzen ulikuwa umekaa tayari, unasubiri.

Sasa cheki hii. Japani inasifika dunia nzima kwa roboti, lakini roboti za kwanza kuingia ndani ya yale majengo, Aprili 2011, zilitoka Marekani. Kwa nini? Kwa sababu volkano ilishawafundisha kuzoa mawe nje, uwanjani. Hakuna janga lililokuwa limewafundisha kupanda ngazi ndani ya kinu kilicholipuka. Walikuwa tayari kwa lile lililowahi kuwaua, siyo lililokuwa linakuja.

Aprili 2016 matetemeko yakapiga mkoa wa Kumamoto, mlima ukaporomoka na kuondoka na daraja la Aso. Mteremko uliobaki ulikuwa unaning'inia. Wakapandisha mashine zisizo na watu, zikaukwangua kutoka juu. Kufikia hapo ilikuwa kawaida, hata habari haikuwa kubwa.

KUTOKA MLIMANI HADI OFISINI

Kwa hiyo yule dada wa kwenye video katokea wapi? Katokea pale ambapo makampuni yaligundua kwamba kitu kilichobuniwa kuokoa maisha kinaweza pia kuokoa gharama.

Mwaka 2010 kampuni ya Rio Tinto ilifungua kituo Perth, Australia, cha kusimamia migodi yake ya chuma iliyoko umbali wa kilomita kama 1,500. Hakuna volkano wala mionzi. Kuna jangwa, joto, na gharama ya kusafirisha na kulaza wafanyakazi. Huko matipa makubwa yanajiendesha, mtu anaangalia tu. Japani nayo inatumia rimoti kwa sababu nyingine: mafundi wa ujenzi wanazeeka na vijana hawataki jua.

Na hili halipo mbali. Mgodi wa dhahabu wa Kibali, kaskazini mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili na Lingala vinasikika sokoni, unachimba zaidi ya mita 700 chini ya ardhi. Kule chini, mashine za kupakia mawe zinazunguka bila mtu ndani. Opereta amekaa juu, kwenye chumba chenye skrini, na mmoja anasimamia mashine kadhaa kwa wakati mmoja.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Opereta yule anarudi nyumbani akiwa mzima, hajavuta vumbi, hajaangukiwa na mwamba. Hicho ndicho walichokikosa wale wa paa la Chernobyl, na hakuna mtu mwenye utu atakayekipinga. Lakini kama mmoja anasimamia mashine tatu, viti vitupu ni vitatu na mshahara ni mmoja. Na kama kiti kinaweza kukaa kilomita 1,500 kutoka mgodini, hakuna sheria ya fizikia inayokizuia kukaa nchi nyingine kabisa.

Pale Unzen swali lilikuwa jepesi: kiti kiwe kitupu au mtu afe. Leo mara nyingi siyo hilo tena. Kijana anayejilipia kozi ya kuendesha mitambo mwaka huu anafundishwa kusikiliza kwa makalio, na huo ujuzi bado ni mali, kwa sababu anayeijua mashine kwa mwili ndiye anayejua skrini inapomdanganya. Ila inabidi ajue pia kwamba kiti anachokifanyia kazi kinaweza kuhamishwa, na aulize mapema kinahamia wapi na nani atakikalia.

Maopereta mliomo humu, wa greda, kijiko, katapila, popote mlipo: saiti yako ikileta rimoti kesho, utapiga makofi au utauliza idadi ya viti kwanza? Na kuna sehemu gani kazini ambayo ungependa kiti kiwe kitupu leo leo, kabla mtu hajafa? Dondosha hapo chini.